Ndugu wa Mgonjwa Habebi

Wanangu mnaosukuma vitanda vya magurudumu pale hospitalini, nimetoka kwenu salama. Namshukuru Mungu, na ninyi nawashukuru. Lakini lazima niwaambie ukweli, kile kitanda mlikiendesha vibaya. Mlikuwa wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, mnabishana habari za mpira, na kila gurudumu lilipopita kwenye ufa wa sakafu mimi niliyelala chali nilisikia meno yangu yaliyobaki yakigongana. Nikasema, "Taratibu, wanangu." Mmoja akajibu, "Usijali mzee, tumeshafika." Hatukuwa tumefika. Ukumbi mzima ulikuwa bado mbele yetu.

Sina kinyongo. Na yule binti aliyekuja akanishika mkono mpaka mlangoni, akaniuliza kwetu wapi na kama nimekula, huyo ndiye aliyenifanya nikifika nyumbani niombe karatasi na kalamu. Alikuwa akifanya kazi yangu bila kujua. Zamani za Mjerumani mimi nilikuwa mbebaji wa machela katika milima hii ya Uluguru mnayoiona mkifungua madirisha ya wodi. Nimeona niwaandikie habari za kazi hiyo na habari za mtu aliyenifundisha, Mzee Katabi. Wote tuliomjua tunaisha, na mtu kama yule si wa kwenda hivi hivi bila kusemwa.

Machela, kwa msioijua, ni mwanzi mmoja mrefu wenye turubai lililofungwa huku na huku, likaning'inia katikati. Mgonjwa analala ndani ya turubai. Mtu mmoja anaweka ncha ya mbele begani, mwingine ya nyuma, na wawili wanatembea kando wakisubiri zamu. Wakubwa wa Kijerumani walibebwa hivyo wakiwa wazima kabisa, na viatu vyao na kofia, wakivuta tumbaku. Sisi tulibeba wagonjwa tu. Tuliwashusha kutoka vijiji vya juu mpaka nyumba ya wagonjwa iliyokuwa chini, upande wa Bigwa, palipokuwa na daktari. Malipo yalikuwa chochote alichonacho mtu, mara nyingi ndizi, na mara nyingi zaidi ahsante.

Tulikuwa wanne. Wa kwanza ni Lukwele, Mluguru mwenzangu, mrefu kupita kiasi na hana lingine la kusifiwa. Msimcheke, urefu wake ulikuwa na kazi. Mkishuka mlima, mrefu anatangulia, mkipanda anakaa nyuma, ndipo mgonjwa hulala sawa. Wa pili ni Salumu, mtu wa mjini Morogoro, Mwislamu safi ambaye angeweza kukuambia saa ya sala kwa kutazama kivuli chake. Wa tatu mimi, Petro Banzi, niliyebatizwa na mapadri wa mlimani na kulishwa ndizi na mama yangu. Na kiongozi wetu alikuwa Mzee Katabi.

Katabi alikuwa Mnyamwezi. Ujana wake wote aliumalizia kwenye misafara, kutoka Tabora hadi Bagamoyo na kurudi, na pembe za ndovu begani. Gari la moshi lilipofika Morogoro misafara ikafa. Wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki kwa ajili ya mwanamke mmoja wa Bigwa. Mwanamke huyo hakukaa naye muda mrefu. Alisema hawezi kuishi na mtu anayewatukana majirani zake kuanzia asubuhi, na kweli Katabi alitutukana Waluguru bila kupumzika, kwa sababu Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Ninyi mliokulia mjini labda mnadhani utani ni mzaha tu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako na kuchukua kuku wako ukimtazama, nawe huruhusiwi kununa. Lakini siku ya shida yako yeye ndiye wa kwanza kufika, na ndiye atakayekuchimbia kaburi.

Mimi niliingia kazini nikitoka kwenye upagazi wa mizigo, na huko nilikuwa mwimbishaji. Nilijivuna kwa sauti yangu. Wapagazi tulikwenda kwa wimbo, wote tunakanyaga mguu wa kulia pamoja na wa kushoto pamoja, na njia ikawa fupi. Basi siku yangu ya kwanza na machela tulimbeba bibi mmoja aliyeteleza shambani akavunjika mguu. Nikaona njia ndefu, wenzangu wamenyamaza, nikasema hawa hawajui kazi. Nikaanzisha wimbo. Lukwele akaitikia, naye Salumu, pamoja na dini yake yote, akaitikia. Hatua zetu zikawa moja. Mwanzi ukaanza kunesa juu chini, na bibi naye juu chini, mpaka akapaza sauti, "Jamani, mnanitwanga!"

"Simameni," akasema Katabi. Akanitazama. "Wewe Mluguru, nani kakuambia tunakwenda harusini?"

Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza la kazi yetu, ambalo mpagazi wa mizigo hawezi kulijua kwa sababu mzigo haulii. Wabebaji wa mgonjwa hawakanyagi pamoja. Wa mbele akiweka mguu wa kulia, wa nyuma anaweka wa kushoto, na mwanzi unatulia. Tuliita kuvunja hatua. Ni rahisi kusema. Masikio yanasikia mguu wa mwenzako na miguu yako inataka kuufuata. Katabi alitufanyisha mazoezi pale Bigwa, tukibeba ndani ya turubai mtungi uliojaa maji, na yeyote aliyeyamwaga ndiye aliyerudi kisimani. Nilirudi sana. Wanawake waliokuwa wakishuka sokoni na matenga ya mboga vichwani walisimama kututazama. Mmoja wao, Bi Hadija, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, aliuliza, "Mzee Katabi, hawa watoto ndiyo kwanza wanajifunza kutembea?"

"Waluguru hawa, mama. Unategemea nini?"

Yapo mengine. Mwanzi mbichi hunesa sana, kwa hiyo kata wakati wa kiangazi na uuweke juu ya moto wa jiko mpaka moshi uukaushe. Mvua ikinyesha mfunike mgonjwa kwa majani ya mgomba, lakini uso usiufunike hata kama mvua inampiga, maana anayefunikwa uso huanza kujihesabu na wafu. Na mkishuka, miguu yake itangulie ili kichwa kiwe juu. Hili lilitusumbua. Mzee mmoja alikataa katakata, akasema anayetolewa kijijini miguu mbele ni maiti, yeye bado mzima, na maadui zake watafurahi. Tukamweka kichwa mbele, damu ikamshuka usoni, macho yakamtoka. Katabi akapata shauri. Kila tulipokaribia nyumba za watu tulimgeuza, mzee akapita kichwa mbele akiwapungia mkono maadui zake, na tukishapita kona tukamgeuza tena. Tulifika tumechoka hoi, na mzee amefurahi sana.

Lakini sheria iliyokuwa juu ya zote ni hii: ndugu wa mgonjwa habebi. Awe na nguvu za namna gani, mwanzi hapewi. Katabi alisema ndugu anakimbia pasipotakiwa kukimbia, akichoka anaona haya kusema, na mwisho anaanguka yeye na mgonjwa wake pamoja. Nimewaona akina baba wakilia kwa kunyimwa mwanzi, wakimwita Katabi mtu asiye na roho. Yeye aliwaacha waseme.

Na katika wawili waliosubiri zamu, mmoja siku zote alitembea ubavuni, karibu na kichwa cha mgonjwa. Tuliita kukaa kichwani. Huyo anamdondoshea maji mdomoni, anafukuza nzi, anamwambia sasa tunashuka, sasa tunavuka kijito, usishtuke. Zaidi ya yote, hanyamazi. Katabi alipenda nafasi hiyo kuliko zote. Tulimbeba mtu mwenye kidonda ambacho harufu yake ilitufanya tujifunge nguo puani, na Katabi alitembea uso wake karibu na uso wa mtu yule, akimuuliza habari za mke wake, za mbuzi wake, wakicheka. Tulipofika aliliosha turubai mwenyewe mtoni. Hakukunja uso, na wala hakutusema sisi tuliojifunga pua. Nilimtazama akisugua, na nilimpenda tangu siku ile.

Salumu alikuwa na dukuduku moja tu juu yake. Adhuhuri ilipofika njiani, Salumu aliomba apokewe mwanzi, akasali pembeni haraka, akatukimbilia. Katabi aliendelea na mgonjwa. "Mzee, sala inakupita," Salumu alimwambia.

"Nitasali nikishatua."

Jibu lilikuwa hilo hilo kila siku. Na kweli, mgonjwa akishapokewa, Katabi alinawa mtoni, akatafuta mahali pakavu, akasali peke yake kwa muda mrefu. Mimi niliyefundishwa katekisimu nilijua kujibu kwamba Mungu yupo kila mahali. Nilijibu vizuri hata padri akanisifu. Ila mngeniuliza kama nilikuwa nimewahi kumwona mahali popote, ningesema hapana.

Sasa nifike kwenye siku ninayoiogopa mpaka leo. Ilikuwa masika. Habari zililetwa kutoka nyumbani kwetu juu kwamba dada yangu Agnesi ameshikwa na uchungu tangu juzi na mtoto hatoki. Mama yetu alizaa wawili tu, mimi na Agnesi. Kwetu Waluguru ukoo hufuata mama. Watoto wangu mimi ni wa ukoo wa mke wangu, na mwenye kuendeleza nyumba ya mama alikuwa Agnesi peke yake. Akienda yeye na mtoto wake, nyumba ya mama inafungwa. Tulipofika mama alikuwa amesimama mlangoni. Mkunga akatoka ndani akifuta mikono, akasema, "Mimi nilipofika ndipo mwisho wangu. Mshusheni."

Tukamlaza Agnesi kwenye machela. Nikainama kushika mwanzi. Katabi akanigonga mkono.

"Sheria," akasema.

"Mzee, huyu ni dada yangu!"

"Ndiyo maana."

Akawaweka Lukwele mbele na Salumu nyuma, yeye akakaa kichwani, mimi nikafuata kando mikono mitupu. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Katabi alianza kazi yake. "Mluguru wee, mbona mzito hivi? Umemeza kinu?"

Agnesi alisubiri uchungu upite, akajibu, "Kama umechoka, rudi kwenu Unyamwezi."

"Nirudi, halafu kuku wenu wataliwa na nani?"

Akacheka. Nawaambia, dada yangu alikuwa akienda kufa na alicheka. Kila uchungu ulipompata Katabi alimshika mkono, na kila ulipomwachia alimpa tusi jipya naye akalirudisha. Nikaanza kuamini tutafika.

Kwenye kivuko cha mto tulikuta msafara wa bwana mmoja wa Kijerumani akielekea upande wa Kisaki. Wapagazi wake wawili walikuwa wametoroka, mizigo imelala chini, na askari alikuwa akitafuta mabega. Mambo ya wakati ule ndivyo yalivyokuwa, mtu alikamatwa njiani akaenda na mzigo bila kuaga kwake. Askari akamnyooshea kiboko Lukwele, kisha mimi. "Wewe. Na wewe."

"Afande, tuna mgonjwa," nikasema.

"Mgonjwa apite. Nyinyi mizigo."

Katabi akajisogeza mbele yangu. "Afande, huyu kijana kifua kibovu, mzigo ataudondosha mtoni. Nichukue mimi."

Nikakohoa. Sikujua kwamba nina kipaji hicho. Askari akazitazama mvi za Katabi. "Wewe mzee utaweza?"

"Mimi Mnyamwezi, afande. Uliza huko Bagamoyo."

Askari akacheka, akakubali. Katabi alijua vizuri goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua, sote tulijua. Akamwinamia Agnesi. "Mtani, mimi nimepata safari. Usithubutu kufa kabla sijarudi, nakudai kuku wa uzazi." Kisha akanishika bega, akasema taratibu, "Kaa kichwani. Usinyamaze."

Tukabaki wawili, Salumu na mimi, na mwanzi mmoja. Nani angekaa kichwani? Nikashika ncha ya mbele, Salumu ya nyuma, na nikafanya yote ambayo Katabi alisema ndugu atafanya. Nilikimbia. Salumu alipiga kelele nyuma yangu, "Petro, hatua! Vunja hatua!" Sikusikia. Mwanzi ulinesa, Agnesi akalia, nami kila alipolia nikazidisha mbio. Baadaye akaacha kulia. Kimya kile kilinitia hofu kuliko kilio, na bado nilikimbia.

"Tua!"

Ilikuwa sauti ya Bi Hadija. Alikuwa akishuka sokoni na wanawake wenzake watatu, matenga vichwani, mvua inawanyeshea.

"Siwezi kutua, mama, dada yangu..."

"Nimesema tua, mwanangu. Unamtwanga mwenzio."

Nikatua. Bi Hadija alishusha tenga lake akaliweka kwenye majani kando ya njia, mboga na ndizi zote, pale pale mvuani. Wenzake wakashusha yao. Akakunja kanga yake ikawa kata, akaiweka begani, akainama kwenye mwanzi. Mwanamke kubeba machela halikuwa jambo lililowahi kuonekana kwetu. Salumu alifungua mdomo. Bi Hadija akamwambia, "Ufunge huo, ushike nyuma." Salumu akashika.

Wanangu, mwanzi ulitulia. Wanawake wale walikuwa wamepanda na kushuka mlima ule na mizigo kichwani tangu wakiwa wasichana, hakuna jiwe wasilolijua, na shingo zao hazitikisiki. Kile tulichojifunza kwa kumwaga mitungi, wao walikuwa nacho miguuni siku nyingi. Mmoja akichoka mwingine anaingia bila kuambiwa. Mimi nikabaki mikono mitupu tena, na kazi iliyobaki ilikuwa ya kichwani.

Sasa niseme nini? Mimi si mtani wa Agnesi, mimi ni kaka yake. Kwetu kaka na dada wanaheshimiana, na mambo ya uzazi ndiyo kabisa hayatajwi kati yao. Nilimtazama macho yamefumba, midomo imekauka. Nikamdondoshea maji. Usinyamaze, Katabi alisema. Nikainama nikasema, "Agnesi, Katabi anasema Waluguru hamjui kuzaa, mnajua kupanda maharage tu."

Nikamfuta mvua usoni, nikajaribu tena.

"Katabi anasema wewe mvivu. Anasema ukifa atamwoa mama."

Midomo ikatikisika. Niliweka sikio karibu. "Mwambie Katabi," alisema, "mama hawezi kumtaka. Ana miguu mibaya."

Nikalia na kucheka pamoja. Wanawake wakacheka chini ya mwanzi, na Salumu nyuma akacheka mpaka akakohoa kweli. Tukaendelea hivyo, mimi nikiwa mjumbe, napeleka matusi ya mtu asiyekuwepo na kupokea majibu yake. Na hapo, katikati ya utelezi, miguu yangu ikiwa matope mpaka magotini, nilijua kwamba Mungu yuko nasi. Sikuona kitu na sikusikia sauti. Niliona kanga iliyolowa begani kwa mwanamke asiye ndugu yetu, na ndizi zake zimeachwa nyuma. Niliwaza bega la Katabi likiwa chini ya mzigo uliokuwa wangu. Nikasema moyoni, kumbe ni hapa. Furaha niliyoipata ilinitisha, kwa sababu dada yangu alikuwa bado hajapona.

Alipona. Daktari na wasaidizi wake walifanya kazi yao, na kabla ya jioni nikasikia mtoto analia. Alikuwa wa kike. Nyumba ya mama haikufungwa. Bi Hadija hakukaa kupokea shukrani, alipanda kurudi kwenye matenga yake. Aliniambia siku nyingine kwamba walikuta nyani wameshafanya soko. Alicheka sana aliposimulia, na hakudai kitu.

Padri alimwandika mtoto Maria. Agnesi akamwita Katabi. Wajomba walikasirika, mtoto wa kike wa Kiluguru ataitwaje jina la mwanamume wa Kinyamwezi? Agnesi akasema mtu huyo alitaka kumwoa mama, basi aaibike.

Kiangazi kilipoingia Lukwele akarudi kutoka safari, na nyuma yake Katabi, akijikokota na fimbo. Goti lilikuwa limekwisha. Agnesi akashuka na mtoto mgongoni na kuku mkononi. Katabi akampokea mtoto, akamgeuza huku na huku. "Mtoto mbaya huyu," akasema. "Ana pua ya Kiluguru." Agnesi akamwambia jina lake. Mzee akafungua kinywa kutukana, tusi halikutoka. Akajifunika uso kwa upindo wa kanzu yake, na sisi tukatazama pembeni.

Hakubeba tena, wala hakuweza kutembea kichwani kwa mtu. Nafasi hiyo akaniachia mimi. Yeye alihamia kukaa kwenye jiwe pale njia ya mlimani inapoingia Bigwa, na kila machela iliyoshuka aliipigia kelele, "Wameniletea Mluguru gani tena leo?" Wagonjwa waliokuwa hawajasema neno tangu juu kabisa walimjibu. Nimewaona.

Kabla vita ya Wazungu haijafika kwetu, kifua kilimkamata. Tulikwenda kumchukua chumbani kwake, Salumu akiwa ndiye kiongozi sasa. Agnesi alikuwa ameshuka na mwanawe, ambaye tayari alikuwa anakimbia. Bi Hadija alikuwa ameshafika, anampepea. Tukamlaza mzee kwenye turubai lile lile alilokuwa akiliosha. Nikainama kwenye mwanzi.

"Petro, toka," akasema Salumu.

"Kwa nini?"

"Unajua sheria. Ndugu wa mgonjwa habebi."

"Mimi si ndugu yake, Salumu. Mimi Mluguru, yeye Mnyamwezi. Mimi mtani tu."

"Nimesema toka."

Nilimtazama Salumu nikaona macho yake yamejaa. Nikauachia mwanzi. Lukwele akashika mbele, Salumu mwenyewe nyuma, na mimi na Agnesi tukakaa kichwani, huyu upande huu na huyu upande ule. Tulipotoka barabarani nikasema, "Mzee, mbona mzito hivi? Umemeza kinu?"

Agnesi akasema, "Mama anauliza, ile posa yako imeishia wapi?"

Jicho moja likafunguka. "Mwambieni Salumu," akasema, kwa shida, "anakwenda kama mtu wa harusini."

Nikamwambia Salumu. Salumu akavunja hatua.

Tulipofika wakamshusha taratibu, hata turubai halikugusa sakafu kwa kishindo. Mzee akauliza, "Mmetua?"

"Tumetua, mzee."

"Basi nigeuzeni."

Salumu alielewa kabla yetu. Tukamgeuza kuelekea kibla, naye akainua mikono yake, akasali, midomo ikitikisika. Ilichukua muda mrefu kama kawaida yake. Hatukumharakisha. Alfajiri ya pili akafariki, na sisi watani wake ndio tuliomchimbia kaburi, tukimtukana na kulia.

Basi, wanangu, mimi mzee na nitarudi kwenu, labda kabla ya masika. Mkinilaza tena kwenye kile kitanda, mpira wekeni kando. Mmoja akae kichwani, na asinyamaze. Mkimwona mwenzenu mmoja ana haraka kuliko wengine, msimgombeze. Mwambieni aachie kitanda, aje ubavuni kwangu anishike mkono, maana huyo atakuwa ndugu yangu.